Vita vya Plataea, 479 KK: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Plataea ni wapi, na nani alipigana na nani?

Plataea ulikuwa mji mdogo wa Boeotia, eneo la Ugiriki ya kati, chini ya mlima Cithaeron, karibu kilomita 50 kaskazini-magharibi mwa Athens. Kiangazi cha mwaka 479 KK, muungano wa miji ya Wagiriki ulioongozwa na Sparta ulikutana hapo na jeshi la Uajemi lililokuwa chini ya Mardonius, shemeji yake mfalme Xerxes.

Jambo moja liwekwe sawa mapema. Hapakuwa na Wagiriki upande mmoja na Waajemi upande mwingine. Thebes ilipigana upande wa Uajemi, na ilipigana kwa moyo wote. Wathesalia na Wamakedonia nao walikuwa huko huko.

Kwa nini vita hivi havina jina kubwa kama Marathon au Thermopylae?

Marathon ina mbio zake, Thermopylae ina wale Wasparta 300. Plataea haisimuliki kwa pumzi moja: ni karibu wiki mbili za jua, kiu, majibizano na amri zisizotiiwa, kisha asubuhi moja ya kuuana. Isitoshe, mwenye sifa kuu ni Sparta, na waandishi wengi waliotujaza historia ya Ugiriki waliandikia Athens au kuhusu Athens. Ila ukiuliza ni wapi jeshi la nchi kavu la Uajemi lilivunjwa ndani ya Ugiriki, jibu ni hapa.

Xerxes mwenyewe alikuwa wapi?

Sardis, upande wa Asia. Baada ya meli zake kushindwa Salamis mwaka 480 KK alirudi, akamwachia Mardonius kikosi teule kilichopitisha majira ya baridi Thessaly. Wasomaji wa Biblia wanamjua Xerxes kwa jina la Ahasuero, mfalme wa kitabu cha Esta.

Kwa nini Mardonius aliiteka Athens kisha akaiacha?

Kwanza alijaribu kuinunua. Alimtuma Alexander, mfalme wa Makedonia, na masharti mazuri: msamaha, ardhi, uhuru wa kujitawala. Waathene wakakataa, wakahamia tena kisiwa cha Salamis, na Mardonius akaingia mji mtupu. Mjumbe mmoja wa baraza lao, Lycidas, aliposhauri pendekezo la Mardonius lipelekwe mbele ya wananchi, wenzake walimpiga mawe hadi akafa.

Waathene walipowaomba Wasparta msaada, Wasparta walikuwa na sikukuu. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba ukuta wao wa kuziba Isthmus, shingo nyembamba ya ardhi inayoingia kusini mwa Ugiriki, ulikuwa unakaribia kukamilika, hivyo hawakuona haraka ya kutoka. Aliyewazindua ni mtu wa Tegea aitwaye Chileos: Waathene wakihamia upande wa pili na meli zao, aliwaambia, ukuta wenu utakuwa na milango iliyo wazi kila upande. Usiku huohuo Wasparta 5,000 waliondoka, kila mmoja akiwa na Waheloti saba, yaani watumwa wa mashambani.

Mardonius alipopata habari aliichoma Athens akarudi Boeotia. Hapo alifanya kazi ya jemadari mwenye akili. Attica, nchi inayoizunguka Athens, ni ya vilima, farasi hawana pa kukimbilia, na akishindwa angelazimika kutoka kwa njia nyembamba. Kando ya mto Asopus alikuwa na uwanda, mji rafiki wa Thebes nyuma yake wenye chakula na malisho, na nafasi ya kujenga ngome ya magogo.

Walikuwa wangapi?

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anawahesabu Wagiriki mji kwa mji: wahopliti 38,700, yaani askari wa miguu wenye silaha nzito. Lacedaemon, yaani Sparta pamoja na miji iliyo chini yake, ilitoa 10,000, Athens 8,000, Korintho 5,000, Megara 3,000, Tegea 1,500, na Plataea yenyewe 600. Akiongeza wenye silaha nyepesi, wakiwemo Waheloti 35,000, anafikia 110,000. Idadi ya wahopliti inaaminika, kwa kuwa kila mji ulijua wanaume wake.

Upande wa Uajemi anasema 300,000, pamoja na Wagiriki washirika kama 50,000. Makadirio mengi ya leo hayafiki hata nusu ya hapo, nami naona ni sawa kuyashusha. Mtu anayelisha farasi kwa maelfu kwenye bonde moja kwa wiki kadhaa hawezi kuwa na watu wasio na idadi.

Je, ni kweli Waajemi walikuwa askari dhaifu?

Hapana, na anayesema hivyo hajamsoma Herodotus mwenyewe. Anaeleza bila kuficha kwamba kwa ushujaa na nguvu Waajemi hawakuzidiwa. Walichokosa ni deraya na mazoezi ya kupigana bega kwa bega.

Hopliti alibeba ngao ya mbao ya mviringo, kipenyo chake karibu sentimita 90, mkuki wa zaidi ya mita 2, na chapeo ya shaba. Walisimama kwa safu, ngao ya mmoja ikimkinga na jirani yake. Safu hiyo ndiyo falanksi. Mwajemi alipigana kwa namna nyingine kabisa. Mstari wa mbele ulisimika ngao kubwa za fito zilizosukwa, zikawa kama ua, na nyuma ya ua huo wapiga mishale walifanya kazi yao. Farasi walizunguka pembeni kurusha, kurudi, kurusha tena. Mfumo huo ulikuwa umeishinda nusu ya dunia iliyojulikana. Unafanya kazi mradi adui abaki mbali.

Mapigano yalianzaje?

Kwa kifo cha mtu mmoja. Wagiriki walishuka Cithaeron wakakaa kwenye miteremko karibu na Erythrae, wasitake kuingia uwandani. Mardonius akawatuma wapanda farasi chini ya Masistius. Watu wa Megara walikuwa sehemu iliyo wazi kuliko wote, wakapigwa mishale hadi wakatuma ujumbe: tukikosa wa kutupokea, tunaondoka. Walijitokeza Waathene 300 pamoja na wapiga mishale wao.

Farasi wa Masistius, wa mbegu ya Nisaea, mwenye hatamu ya dhahabu, alichomwa mshale ubavuni. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akamtupa bwana wake. Waathene wakamrukia, lakini mikuki haikuingia! Chini ya kanzu yake nyekundu alivaa deraya ya magamba ya dhahabu. Walimchoma na kumchoma bila mafanikio mpaka mmoja alipogundua siri na kumpiga jichoni. Wapanda farasi wake hawakuwa wamemwona akianguka. Waliposimama na kukosa wa kuwaamuru ndipo wakajua, wakarudi wote kuupigania mwili, na hapo wakashindwa.

Wagiriki waliupakia mwili kwenye gari, wakaupitisha mbele ya vikosi ili kila mtu auone. Upande wa pili Waajemi walinyoa nywele zao, wakanyoa manyoya ya shingo za farasi na ya wanyama wa mizigo, na kilio chao kikasikika Boeotia nzima.

Somo la kijeshi lilikuwa nusu tu. Wagiriki walijua kwamba wapanda farasi wanaweza kufa. Hawakuwa na wapanda farasi wa kuwajibu, na hilo halikubadilika.

Kwa nini walitazamana siku nyingi bila kupigana?

Kila upande ulikuwa na mpiga ramli wake. Pausanias, aliyewaongoza Wagiriki kwa niaba ya mtoto wa Leonidas, mfalme wa Sparta aliyekufa Thermopylae, alikuwa na Tisamenus wa Elis. Mardonius alikuwa na Hegesistratus, naye wa Elis, mtu mwenye mguu wa mti aliyewahi kujikata mguu wake halisi ili atoke kwenye pingu za Wasparta. Matumbo ya wanyama wa sadaka yalisema jambo lilelile pande zote mbili: ukijilinda utafanikiwa, ukivuka mto Asopus utajuta.

Msomaji wa leo anacheka. Ila tazama ramani. Mgiriki akivuka anaingia uwanda wa farasi. Mwajemi akivuka anapandisha vilima kuifuata falanksi. Ramli ilisema kile ambacho sajini yeyote angekisema bila kuchinja mbuzi.

Chemchemi ya Gargaphia ilikuwa na umuhimu gani?

Kwa maoni yangu, vita vyote viko hapa, na ndiyo maana jibu hili ni refu.

Baada ya Masistius kufa, Wagiriki walishuka karibu zaidi na Plataea kwa sababu moja iliyo wazi: maji. Kwenye miteremko ya juu hayakutosha. Wakapanga jeshi, Wasparta wakiwa mrengo wa kulia karibu na Gargaphia, Waathene kushoto, wengine katikati. Mto Asopus ulikuwa mbele yao, lakini wapiga mishale wa Uajemi walikuwa juu ya farasi ng'ambo yake, na aliyekwenda kuchota hakurudi. Jeshi zima likabaki na chemchemi moja.

Piga hesabu. Herodotus anasema watu 110,000. Mimi nashusha makusudi hadi 80,000. Mpe kila mmoja lita 3 tu za kunywa kwa siku, katika jua la kiangazi, akiwa amevaa shaba. Hizo ni lita 240,000, sawa na madumu 12,000 ya lita 20 kila siku, kabla hujamwosha mtu jeraha, hujapika uji wa shayiri, wala hujanywesha nyumbu. Yeyote aliyewahi kupanga foleni bombani siku ya maji ya mgao anaweza kuiona foleni hiyo akifumba macho.

Chakula nacho kilitoka mbali, Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, kwa kupitia vipito vya Cithaeron. Siku ya nane Mthebes mmoja, Timagenidas, alimwambia Mardonius: achana na mto, linda kipito. Usiku huo wapanda farasi wakaukuta msafara wa wanyama 500 ukishuka uwandani. Waliua hadi wakachoka kuua, kisha wakawaswaga waliobaki kambini. Misafara mingine ikakwama mlimani.

Halafu ukaja mkono wa mwisho. Wapanda farasi wakaifikia Gargaphia yenyewe, wakaivuruga na kuifukia.

Kufikia hapo Mardonius alikuwa anashinda. Hakuwa ameupeleka mstari wake mkuu popote, na adui yake hakuwa na maji, hakuwa na mkate, wala hakuweza kukaa alipo.

Usiku wa kuhama kulitokea nini?

Viongozi wa Wagiriki waliamua kurudi nyuma hadi mahali palipoitwa Kisiwa, kipande cha ardhi mbele ya mji wa Plataea kati ya mikono miwili ya kijito, penye maji na pagumu kwa farasi. Waondoke usiku, kwa zamu ya pili ya ulinzi, wasionekane. Kwenye karatasi, mpango mzuri.

Saa ilipofika, miji ya katikati iliondoka ikapitiliza. Watu walikuwa wamechoshwa na farasi mchana kutwa. Walipopata ruhusa ya kwenda hawakusimama hadi hekalu la Hera, mbele ya Plataea, wakatua mizigo hapo. Katikati ya jeshi pakabaki tupu.

Upande wa Sparta ndiko kulikokuwa na kioja. Amompharetus, kamanda wa kikosi cha Pitana, hakuwa amehudhuria baraza. Alipoambiwa wanahama akagoma: yeye hawakimbii wageni, wala haitii aibu Sparta. Pausanias akabembeleza, akafoka, akamwita mwendawazimu. Mjumbe wa Athens alifika juu ya farasi kuuliza mbona hamtembei, akawakuta wakibishana. Hapo Amompharetus aliinua jiwe kubwa kwa mikono miwili, akaliweka miguuni pa Pausanias, akasema hiyo ndiyo kura yake. Wagiriki walipiga kura kwa vijiwe. Yeye aliona kijiwe hakitoshi.

Usiku ukaisha wakiwa hivyo. Alfajiri Pausanias aliondoka akipita kando ya vilima, akihesabu kwamba Amompharetus hatakubali kuachwa. Ikawa hivyo. Alipoona kweli ameachwa, akaamuru kikosi chake kibebe silaha, kikafuata taratibu.

Matokeo yake: jua linachomoza, Waathene wako uwandani peke yao, Wasparta na Tegea wako vilimani peke yao, na waliobaki wako hekaluni nje ya mchezo.

Je, kurudi nyuma huko hakukuwa mtego wa makusudi?

Wapo wanaoamini hivyo. Mimi siamini. Mtego hauachi katikati ya jeshi wazi, wala haumwachi jemadari akigombana na aliye chini yake hadi kuche. Mtu akishinda, makosa yake hugeuka hekima vinywani mwa wanaosimulia.

Pigano lenyewe lilikwendaje?

Mardonius alipoona kambi ya Wagiriki imebaki tupu, alivuka Asopus mbio na Waajemi wake. Vikosi vingine vilipowaona wanakimbia, navyo vikainua alama zao vikafuata, bila safu wala mpangilio, kama watu wanaokwenda kunyang'anya.

Wapanda farasi waliwakuta Wasparta karibu na hekalu la Demeter, wakawazuia. Waajemi wa miguu wakafika, wakasimika ua wao wa fito, mishale ikaanza kunyesha. Pausanias akaomba msaada kwa Waathene, lakini wao walikuwa wamebanwa na Wathebes. Akachinja sadaka. Ishara mbaya. Akachinja tena. Askari walikaa chini nyuma ya ngao wakisubiri, na wakafa wakisubiri. Callicrates, aliyesifiwa kuwa mwanamume mzuri kuliko wote jeshini, alichomwa mshale ubavuni akiwa amekaa kwenye safu yake. Wakambeba pembeni, naye akasema hasikitiki kufa kwa ajili ya Ugiriki, anasikitika kwamba hajapata kuutumia mkono wake.

Ilikuwa ramli au ni jemadari anayevuta muda? Huenda yote mawili. Kadiri Wasparta walivyongoja, ndivyo Waajemi walivyosongamana nyuma ya ua wao, na wapiga mishale waliosongamana hawana pa kurudi nyuma wala pa kugeuzia farasi.

Watu wa Tegea hawakungoja. Waliinuka kwanza, na papo hapo sadaka ikatoa ishara njema. Falanksi ikaugonga ua, ukaanguka. Kuanzia hapo ilikuwa ana kwa ana: Waajemi wakaishika mikuki kwa mikono mitupu na kuivunja, wakarukia mmoja mmoja au makundi ya watu kumi, wakafa. Mardonius, juu ya farasi mweupe, alishikilia sehemu moja na walinzi wake teule 1,000. Msparta aitwaye Arimnestus alipomuua, mstari ukavunjika.

Huko kwingine, Wathebes walipoteza watu wao bora 300 mbele ya Waathene. Watu wa Megara na Phlius walitoka hekaluni wakikimbilia ushindi bila kujipanga. Wapanda farasi wa Thebes wakawakuta uwandani wakawaua 600. Ndivyo asubuhi nzima ingekwenda kama Mardonius angesubiri uwandani.

Artabazus alikuwa msaliti?

Jemadari huyu wa Uajemi alikuwa na watu 40,000 na alichelewa kufika. Alipoona wenzake wanakimbia, aligeuza akaelekea Phocis na kwenda zake hadi Asia. Mapema alikuwa ameshauri warudi Thebes, wasipigane, wagawe dhahabu kwa viongozi wa miji ya Wagiriki. Kwangu mimi yeye ndiye aliyeielewa hali kuliko mwingine yeyote kambini.

Hasara zilikuwa kiasi gani?

Herodotus anataja Wasparta 91, Waathene 52 na watu 16 wa Tegea. Plutarch, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema Wagiriki 1,360. Takwimu ya pili inakaa vizuri zaidi na lile tukio la Megara. Waajemi waliokimbilia ngome walifuatwa. Ukuta ulipobomolewa hawakujipanga tena, na mauaji yakawa makubwa.

Basi Mardonius alikosea wapi?

Alikuwa na silaha mbili zinazofanya kazi, yaani farasi na kiu, akaziacha siku zilipoiva. Watetezi wake husema naye chakula kilikuwa kinamwishia. Alexander aliwaambia hivyo Waathene usiku mmoja kwa siri. Artabazus kwa upande wake alisema Thebes imejaa chakula. Hata tukimwamini Alexander, siku mbili au tatu zingetosha, maana Wagiriki walikuwa wamegawanyika sehemu tatu na chemchemi ilikuwa imefukiwa. Angewatuma wapanda farasi peke yao na kuwaacha askari wa miguu ng'ambo ya mto. Aliona migongo, akadhani ni kukimbia.

Aristodemus ni nani?

Mmoja wa wale 300 wa Thermopylae aliyerudi hai kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Sparta hakuna aliyempa moto wala aliyesema naye. Plataea alipigana kuliko wote akafa. Wasparta wakamnyima heshima, wakisema alitoka kwenye safu kwa kuwa alitaka kufa.

Waajemi hawa ndio Washirazi wa pwani yetu?

Hapana. Persepolis, mji wa wafalme hawa, haiko mbali na Shiraz, lakini simulizi za Washirazi wa Kilwa na kwingineko zinahusu nyakati za Uislamu, zaidi ya miaka 1,000 baadaye. Neno letu "Ajemi" lina kisa chake: Waarabu walilitumia kwa mtu ambaye usemi wake haueleweki, asiye Mwarabu. Neno la Wagiriki kwa wasio Wagiriki, Waajemi wakiwemo, "barbaros", lilizaliwa kwa namna ileile.

Kuna kitu kilichobaki hadi leo?

Kutokana na nyara, Wagiriki walitengeneza nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, juu yake kigoda cha dhahabu, wakaiweka Delphi, mahali patakatifu pa mungu Apollo. Mfalme Konstantino aliihamishia mji wake mpya, na bado imesimama Istanbul, katika uwanja wa zamani wa mbio za magari ya farasi, bila vichwa vya nyoka. Kwenye mikunjo yake yamechorwa majina ya miji 31.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Pausanias alikuwa ameandika hapo jina lake mwenyewe, kana kwamba ushindi ni wake. Wasparta wakalifuta. Ni mtu yuleyule aliyewaamuru wapishi wa Mardonius waandae karamu ya Kiajemi kando ya mlo wa Kisparta, akawaita wenzake wacheke jinsi tajiri huyu alivyokuja kuwaibia umaskini wao. Miaka michache baadaye alionekana akivaa mavazi ya Kiajemi na kula meza ya Kiajemi, akashitakiwa kwa kushirikiana na Xerxes, akakimbilia ndani ya hekalu la Athena mjini Sparta. Walimjengea ukuta mlangoni, wakamtoa alipokuwa amebakiza pumzi chache.